Kiimbo cha Kiingereza kwa Mzungumzaji wa Kiswahili: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Jioni moja kwenye gati la Lamu nilimkuta nahodha mmoja ameketi peke yake ndani ya mashua, mito ya kukalia imepangwa vizuri na birika la chai limefunikwa kwa kitambaa. Alikuwa amepatana na wageni wawili wa Marekani kwamba angewapeleka kutazama jua likizama, na saa kumi na moja waliyoagana ilikuwa imeshapita. "Mwalimu," aliniambia, "nimewaambia wazi kuwa twaweza kwenda." Nilimwomba arudie maneno yale yale kama alivyoyatamka, naye akayasema kwa sauti ya mtu mwenye hakika: "We CAN go at five." Hapakuwa na kosa lolote la sarufi, na kila herufi ilisikika, lakini wageni wale walikuwa wamesikia kwamba safari haiwezekani.

Sababu yake ni hii. Katika Kiingereza, neno "can" linapokuwa la kukubali hupita mbio na irabu yake hufifia hata likasikika kama "kn" tu, ilhali "can't" hupewa mkazo na irabu kamili. Mmarekani aghalabu huimeza ile "t" ya mwisho, kwa hiyo sikio lake halingoji "t" ili litambue kukataa, husikiliza mkazo. Nahodha wetu alilikazia neno la kukubali ili aonyeshe uhakika, kama ambavyo sisi sote tungefanya, na mkazo huo ndio uliobeba ujumbe wa kukataa.

Nimefundisha Kiingereza cha mazungumzo kwa miaka kadhaa, zaidi kwa watembezaji wa wageni na manahodha, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tatizo letu kubwa si msamiati. Kiswahili hukabidhi maneno yenyewe kazi ya kuonyesha kipi ni kizito katika sentensi: tuna "ndiye", "ndiyo" na "ndipo", tuna "tu" na "hata", tuna "si hiki bali kile", na tunaweza kulitanguliza neno tunalotaka litiliwe maanani. Kiingereza hukabidhi sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa kiimbo, yaani kupanda, kushuka na kukazwa kwa sauti. Anayezungumza Kiingereza kwa sauti ya Kiswahili huwa ameyaacha maneno yake bila "ndiyo" na bila "tu", na msikilizaji hulazimika kubahatisha. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kuzingatia tofauti hiyo, kuanzia neno moja hadi sentensi nzima.

Hatua ya kwanza: jirekodi kabla ya kubadilisha chochote

Chukua simu yako, ingia chumba kisicho na mwangwi mwingi, ujirekodi mara mbili. Mara ya kwanza soma kwa sauti aya moja ya Kiingereza isiyozidi dakika moja. Mara ya pili eleza kwa maneno yako mwenyewe, bila kusoma, jinsi mgeni anavyofika mjini Lamu, tangu uwanja wa ndege wa Manda au gati la Mokowe, na boti inayomvusha, hadi anaposhuka. Hifadhi rekodi zote mbili pamoja na tarehe yake. Usizifute hata zikikukera, kwa kuwa mtu hawezi kuyasikia mabadiliko ya sauti yake ya kila siku mpaka alinganishe ya leo na ya zamani.

Hatua ya pili: tafuta mkazo ndani ya neno

Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefushwa mkazo husogea pamoja nalo: SOma, soMEa, soMEsha, someSHAna. Sheria hii ina nguvu kiasi kwamba tunapata maana mbili pale inapovunjwa, kama tunavyotofautisha baraBAra ya kupitia na kazi iliyofanywa baRAbara. Mazoea hayo tunayahamishia katika Kiingereza bila kujua. Tunasema archiTECture, chaRACter, cereMOny na comforTAble, ilhali Mwingereza husema ARchitecture, CHAracter, CEremony na COMfortable. Mtembezaji anayeeleza milango ya nakshi na mabaraza ya mawe hulitumia neno "architecture" mara nyingi kila siku, na akilitia mkazo usio wake, mgeni hupoteza nukta moja akilitafuta neno hilo kichwani na kukosa yale yanayofuata.

Hakuna sheria moja ya mkazo wa Kiingereza, lakini ziko dalili za kutegemewa. Maneno yanayoishia na "-tion", "-ic" na "-ity" huwekwa mkazo kwenye silabi inayotangulia kiambishi hicho: inforMAtion, hisTOric, comMUnity. Ndiyo maana mkazo unahama katika familia moja ya maneno, PHOtograph, phoTOgraphy, photoGRAphic, kama unavyohama kwetu. Neno "Arabic" limeitoroka sheria hiyo na hukaziwa mwanzoni, ARabic. Nalitaja makusudi kwa sababu katika mji kama wetu hakuna mazungumzo ya historia yatakayokwisha bila kulitumia. Wakati mwingine mkazo hutenganisha jina na kitendo: REcord ni rekodi, reCORD ni kurekodi, PERmit ni kibali, perMIT ni kuruhusu.

Nunua daftari dogo. Kila jioni andika maneno matano ya kazi yako, ukayatafute katika kamusi ya Kiingereza inayoonyesha matamshi, na utazame kijistari kidogo cha wima kilichopandishwa juu: silabi inayokifuata ndiyo yenye mkazo. Piga mstari chini ya silabi hiyo, kisha litamke neno huku ukiirefusha na kuipandisha kidogo. Sisemi uipige kwa nguvu, kwa sababu wanafunzi wengi hudhani mkazo ni kelele. Mkazo wa Kiingereza hutokana na urefu na mwinuko wa sauti kuliko ukali wake. Waliosoma chuo cha Kurani utotoni wana faida hapa wasiyoijua. Aliyefunzwa kuihesabu madda, yaani kuivuta irabu kwa kipimo, akajua kwamba moja huvutwa vipimo viwili na nyingine sita, ana sikio lililozoea kupima urefu wa irabu, na anachohitaji sasa ni kulitumia sikio hilo hilo katika lugha nyingine.

Tahadhari ya tarakimu: "fifteen" na "fifty" zinaposimama peke yake au mwishoni mwa sentensi hutofautishwa zaidi kwa mkazo, fifTEEN na FIFty, na bei nyingi zimegombaniwa kwa kukosa tofauti hiyo.

Hatua ya tatu: acha silabi nyingine zififie

Hili ndilo zoezi linalowakataa wengi, nami nalielewa vizuri. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja huheshimiwa popote ilipo. Kumeza irabu kwetu ni dalili ya uvivu wa ulimi. Kiingereza kinadai kinyume. Silabi isiyo na mkazo hupoteza irabu yake na kubakiwa na sauti fupi ya katikati ya mdomo, ulimi umelegea, taya halijafunguka sana. Chukua "banana". Mswahili atatamka "a" tatu zilizo sawa; Mwingereza hutamka moja tu, ile ya katikati, na mbili nyingine huzipitisha kama pumzi. Maneno madogo kama "of", "to", "for", "and", "at" na "can" hufifia vivyo hivyo ndani ya sentensi. Kama nahodha yule angelipitisha "can" kwa haraka na kuuweka uzito kwenye "go" na "five", angekuwa baharini wakati nilipomkuta.

Kufifia huku ndiko kunakoleta mapigo ya Kiingereza. Mtunzi wa utenzi huhesabu mizani, nane kwa kila kipande, na kila silabi ina thamani moja na mwenzake. Nyimbo za watoto wa Kiingereza haziendi hivyo: huhesabiwa mikazo, na silabi zilizo kati ya mkazo na mkazo zinaweza kuwa mbili, tatu au hata kukosekana. Piga kofi tatu za mwendo mmoja huku ukisema sentensi hizi:

BOATS SAIL NORTH.
The BOATS will SAIL to the NORTH.
The BOATS will be SAILing to the NORTH.

Ya kwanza ina silabi tatu, ya pili saba, ya tatu tisa, lakini makofi hubaki matatu. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba muda kati ya mkazo na mkazo haulingani sawasawa kama wataalamu wa zamani walivyodhani. Hata hivyo kwa mwanafunzi zoezi hili linafaa sana, kwani humlazimisha kuyabana maneno madogo ili kofi linalofuata lisimpite. Anza polepole. Ukiona unapiga makofi saba kwenye sentensi ya pili, bado unahesabu mizani.

Wenzetu wa Malindi waliozoea kuzungumza na wageni wa Italia wana mtihani wa ziada. Kiitaliano hukaa vizuri kinywani mwa Mswahili kwa kuwa irabu zake hutamkwa kamili, maneno yake mengi huishia na irabu, na mkazo wake aghalabu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Aliyekimudu Kiitaliano kwanza hukipeleka Kiingereza kwa mwendo ule ule, na inambidi atie juhudi zaidi katika hatua hii kabla ya kuendelea.

Hatua ya nne: chagua neno moja la kubeba sentensi

Hapa ndipo penye moyo wa jambo lote, na ningemshauri mwanafunzi akae hapa muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote. Kila kipande cha usemi wa Kiingereza kina silabi moja ambako sauti hugeuka kwa nguvu kuliko kwingine. Kwa kawaida silabi hiyo huwa katika neno la mwisho lenye maana kamili, lakini msemaji anaweza kuihamisha, na akiihamisha maana hugeuka. Tazama sentensi moja:

"The boat leaves at SIX." Hii ni taarifa ya kawaida: mashua inaondoka saa kumi na mbili. Ikiwa aliyeuliza alidhani ni saa moja, sauti hiyo hiyo huongezwa mwinuko, nayo huwa sawa na kusema: saa kumi na mbili ndipo inapoondoka.

"The BOAT leaves at six." Mashua ndiyo inayoondoka saa hiyo, si ndege.

"The boat LEAVES at six." Inaondoka saa hiyo, haifiki.

Sisi tumebadilisha viambishi na mpangilio wa maneno. Mwingereza hakubadilisha hata herufi moja. Basi zoezi langu ni hili, na nimeliona likiwasaidia watu ambao vitabu havikuwasaidia. Kabla ya kusema sentensi ya Kiingereza, ifikirie kwa Kiswahili na ujiulize: hapa ningeweka "ndiyo" wapi? Ningeweka "tu" wapi? Neno ambalo lingebeba "ndiyo" kwa Kiswahili ndilo litakalopanda kwa Kiingereza. Andika sentensi kumi za kazi yako, tia "ndiyo" kwenye neno tofauti kila mara, kisha zitamke kwa Kiingereza na umwombe mwenzako akwambie amesikia maana gani. Asipoipata, usirudie kwa kelele. Irefushe silabi ile, uipandishe zaidi, na ushushe yote yanayofuata.

Kuna upande wa pili wa sheria hii ambao husahauliwa. Neno lililokwisha kutajwa halipewi uzito tena, hata likiwa la mwisho. Mgeni akiuliza katika nyumba ya wageni, "Do you have a cheaper room?", jibu la kawaida ni "We have a SMALLer room", na neno "room" hushuka chini na kupita, kwa sababu habari ya chumba inajulikana. Mpokezi aliyezoea kuweka uzito mwishoni atasema "a smaller ROOM", na mgeni atajiuliza kimya kimya kama kuna kitu kingine kidogo kilichokuwa kikizungumziwa. Kosa hili halivunji mazungumzo, lakini likirudiwa siku nzima humchosha msikilizaji bila yeye kujua ni nini kilichomchosha.

Hatua ya tano: jifunze mielekeo mitatu ya sauti

Sauti ikishuka, husema jambo limekwisha na nina hakika nalo. Ikipanda, husema jambo bado liko wazi. Ikishuka kisha ikapanda ndani ya neno moja, husema kuna "lakini" ambayo sijaitaja.

Maswali ya ndiyo au la kwa kawaida hupanda, nasi hilo tunalo tayari, maana "Umefika?" na "Umefika." hutofautishwa kwa sauti tu. Maswali yenye "where", "when", "what" na "why" kwa kawaida hushuka. Ukiuliza "Where are you from?" huku sauti ikipanda sana mwishoni, unaweza kusikika kama mtu aliyejibiwa na akakosa kusikia. Neno "sorry" likishuka ni kuomba radhi, likipanda ni kuomba kurudiwa. Katika orodha, kila kitu hupanda ila cha mwisho: ukiwatajia wageni Shela, Matondoni na Kipungani kwa sauti inayopanda hadi Kipungani, watakungojea umalizie kijiji cha nne.

Ule mwelekeo wa tatu ndio hatari zaidi, kwa kuwa huingia bila kukusudia. Mgeni akiuliza kama maji ya kunywa ni salama, nawe ukajibu "It's SAFE" kwa sauti iliyoshuka kisha ikapanda, umemwambia kwamba ni salama ila kuna jambo unamficha. Kama hakuna jambo, ishushe sauti hadi chini na uiache huko.

Kuhusu kile kikia cha swali, "isn't it?", sauti ikishuka unaomba ukubaliwe, ikipanda unauliza kwa kweli kwa kuwa hujui.

Sentensi ndefu igawanye kwa pumzi, na kila kipande ukipe neno lake zito. Historia ya Ngome ya Lamu, kwa mfano, inafaa kutamkwa hivi: "The building of the FORT / began in eighteen thirTEEN / and was finished in eighteen twenty-ONE." Sauti ibaki juu kidogo mwishoni mwa vipande viwili vya kwanza na ishuke kabisa kwenye cha tatu. Wanafunzi wengi hushusha mwishoni mwa kila kipande, na mgeni hugeuka kuondoka kabla habari haijaisha.

Hatua ya sita: fuatisha sauti ya mtu mwingine kila siku

Chagua mzungumzaji mmoja wa redio au wa video ambaye sauti yake inakupendeza na ambaye hazungumzi kwa kukimbia. Kata sekunde 30 za usemi wake. Siku ya kwanza sikiliza mara kumi bila kusema kitu, na uchore kwenye karatasi mstari unaopanda na kushuka pamoja na sauti yake. Siku ya pili fuatisha mstari huo kwa mdomo uliofungwa, ukivuma tu, bila maneno. Usiruke sehemu hii: maneno yakiwepo, ulimi hurudi haraka kwenye mazoea yake, lakini anayevuma hana kitu cha kushika isipokuwa kiimbo. Siku ya tatu na ya nne tia maneno, ukisema pamoja naye. Siku ya tano zima sauti yake, ujirekodi peke yako, kisha sikiliza rekodi mbili moja baada ya nyingine. Dakika 15 za kila siku ni bora kuliko saa mbili za Jumamosi.

Mwenye kompyuta anaweza kupakua bure programu ya Praat, iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambayo huonyesha kwa mstari jinsi sauti inavyopanda na kushuka. Ingiza rekodi ya mzungumzaji wako na yako, uzilinganishe kwa macho. Nimeona watu wakibisha kwa saa nzima kwamba sauti yao ilishuka, mpaka walipouona mstari.

Sikuombi uitupe lafudhi yako. Mtu wa Amu, yaani Lamu, hutambulikana kwa mapito ya sauti yake hata kabla hajasema "mato" badala ya "macho", na sioni sababu ya kulipa thamani ndogo jambo hilo anapozungumza Kiingereza. "R" yako ya pwani na irabu zako safi zibaki. Kinachohitaji kubadilika ni mkazo wa neno, kufifia kwa maneno madogo na mahali pa neno zito, kwa sababu hayo matatu ndiyo yanayobeba maana. Mengine ni rangi tu.

Baada ya wiki nane, rudia rekodi zile mbili za mwanzo, aya ile ile na maelezo yale yale ya safari ya mgeni kutoka Manda. Usianze kwa ile uliyosoma, kwani kusoma huonyesha maendeleo ambayo bado hayajafika kinywani. Sikiliza ile uliyosema bila karatasi, uhesabu ni mara ngapi "can", "to" na "of" zimepita bila kusikika kamili, na ni sentensi ngapi ambazo neno lake zito unaweza kulionyesha kwa kidole. Zile ambazo huwezi kuzionyesha, zinakili kwenye daftari. Ndizo zitakazokuwa zoezi la wiki ya tisa.